Maswali ya Wasomaji: Je, Hollar Aliiona London Aliyoichora?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Katika kitabu chetu kuna picha ya London ya zamani, mto umejaa mashua na ng'ambo yake makanisa hayahesabiki. Chini imeandikwa Wenceslaus Hollar, 1647. Mwanafunzi wangu mmoja kauliza kama mtu huyo aliyaona hayo yote kwa macho yake au alibuni. Nilikosa jibu.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mpongeze mwanafunzi huyo kwa niaba yangu, maana hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza mbele ya picha yoyote ya mji wa kale. London Hollar aliiona. Ila wakati anaitengeneza picha hiyo, alikuwa nchi nyingine.

Hollar alizaliwa Prague mwaka 1607. Akiwa kijana alihamia Ujerumani, akafanya kazi Frankfurt kwa Matthäus Merian, bingwa wa kuchapa mandhari za miji. Mwaka 1636 Earl wa Arundel, tajiri wa Uingereza aliyependa sana sanaa, alipita Cologne akiwa njiani kwenda Vienna kama balozi wa mfalme wake. Akamkuta Hollar hapo, akamchukua amchoree miji ya njiani, na mwisho wa mwaka akaingia naye London. Huko Hollar alipanda mnara wa kanisa la Southwark, upande wa kusini wa mto Thames, akachora kilichokuwa mbele yake kwa penseli na wino. Mchoro wake mmoja wa kutoka juu ya mnara ule upo mpaka leo Marekani, kwenye jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale. Kwangu mimi hiyo ni karatasi yenye thamani kuliko picha kubwa yenyewe, kwa sababu ilichorwa na mtu aliyekuwa anakitazama anachokichora.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Uingereza mwaka 1642, na miaka miwili baadaye Hollar akahamia Antwerp, mji ulioko Ubelgiji ya leo. Mabamba ya shaba ya kuchapia ile picha ndefu ya London, hiyo iliyo kitabuni mwenu, aliyatengenezea huko, akitumia michoro aliyokuwa nayo. Mwambie mwanafunzi wako atazame ukingo wa kusini wa mto, karibu na maji. Ataona majengo mawili ya mviringo. Moja limeandikwa kuwa ni Globe, ukumbi wa kampuni ya Shakespeare, na lingine kuwa ni uwanja wa kupambanisha dubu na mbwa. Majina hayo yamebadilishana. Lililoandikwa la dubu lina paa kubwa la vipembe viwili lililofunika upande mmoja wa duara, na paa la namna hiyo kazi yake ni kufunika jukwaa la waigizaji. Dubu hana haja nalo. Katika mchoro wa Yale majengo yote mawili yamo, na hakuna jina lolote lililoandikwa juu yake. Kwa hiyo jicho halikukosea. Kosa liliingia wakati wa kuandika majina, mbali na London. Na mchoro ule ulikuwa na usahihi wa kutosha hata wataalamu waliojenga upya ukumbi wa Globe, uliofunguliwa mwaka 1997, wakautumia kukadiria ukubwa wa jengo.

Nakaa hapo kwa sababu watu wengi husema picha hizi ama ni za kweli ama ni za uongo, wakaishia hapo. Mimi nimechapa kwa mabamba ya shaba sehemu kubwa ya maisha yangu, na najua kazi hii inapita hatua ngapi. Bamba hupakwa nta, mstari ukachorwa kwa sindano mpaka shaba ionekane, ndipo bamba likatiwa kwenye tindikali ikale pale palipokwanguliwa. Mistari ya mbali, ya mawingu na vilima, huzibwa mapema kwa vanishi ibaki myembamba, na ya karibu huachwa iliwe zaidi. Tena kila kitu lazima kichorwe kinyume, kushoto kuwa kulia, maandishi nayo yakisomeka nyumanyuma, kwa kuwa karatasi ikigandamizwa inageuza yote. Mtu anayefanya hayo akiwa mbali na mji anaouchora, kwa kumbukumbu na makaratasi, anaweza kulipatia jengo na akalikosea jina.

Ukitaka kuona uaminifu wa Hollar, mwonyeshe darasa lako michoro yake ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, iliyotoka mwaka 1658 katika kitabu cha William Dugdale cha historia ya kanisa hilo. Mnara wake uliochongoka ulipigwa radi ukaungua mwaka 1561, miaka mingi kabla Hollar hajazaliwa. Bado kuna bamba moja linaloonyesha mnara huo ukiwa mzima, lakini maandishi ya Kilatini yaliyomo yanasema wazi kwamba ndivyo kanisa lilivyokuwa zamani, kabla moto wa mbinguni haujauangukia mnara. Hakumdanganya mtu. Katika bamba la ndani ya kanisa aliandika kuwa yeye Hollar wa Bohemia, yaani nchi ya Prague alikozaliwa, mchoraji wa kanisa hilo ambalo kila siku lilikuwa likingoja kuanguka, ameihifadhi kumbukumbu yake kwa njia hiyo. Wakati wa vita askari walikuwa wamefuga farasi humo.

Miaka minane baadaye, Septemba 1666, moto mkubwa uliteketeza kanisa hilo pamoja na makanisa 87 ya mitaa na nyumba zipatazo 13,200. Mwaka huohuo Hollar akatoa picha ya mandhari mbili, moja juu ya nyingine, zikitazama mji kutoka upande uleule wa Southwark: London kabla ya moto na London baada ya moto. Mpe kila mwanafunzi nafasi ya kufuata ukingo wa mto kwa kidole, juu kisha chini. Jengo moja moja, atakuta lililokuwa na paa limebaki kuta tupu. Sijaona somo la historia linaloingia kichwani haraka kuliko hilo.

SWALI: Mzee, mimi ni mkazi wa Kilwa Kivinje. Nimeonyeshwa kwenye simu picha ya Kilwa ya karne ya 16 iliyochapwa Ulaya, imejaa minara. Je, ndivyo Kilwa ilivyokuwa?

JIBU: Ndugu yangu, picha hiyo naijua. Imetoka katika juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wa miji ya dunia wa Georg Braun na Frans Hogenberg, uliochapwa Cologne mwaka 1572. Ukurasa mmoja una miji minne: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Kwamba Kilwa iliwekwa humo, katika kitabu kimoja na London na Paris, ni jambo la kujivunia, na mimi najivunia.

Lakini Hogenberg hakufika pwani yetu. Habari za miji hii zilifika Ulaya kupitia Wareno, waliokuja na meli za vita: mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliiteka Kilwa, kisha kikaichoma Mombasa. Mchongaji aliyekuwa Cologne alijaza mapengo kwa majengo aliyoyazoea. Wewe una bahati ambayo mwalimu wa swali la kwanza hana, maana shahidi mwingine yuko jirani yako. Panda mashua uende Kilwa Kisiwani na picha hiyo mkononi. Msikiti Mkuu utaukuta na matao yake na kuba zake, wala hauna mnara. Misikiti ya kale ya pwani kwa kawaida haikujengwa na minara mirefu. Kwa hiyo kuwepo kwa mji mkubwa wa mawe kisiwani, hilo picha inasema kweli. Ile minara ni ya Ulaya. Kwa umbo la nyumba zetu, amini magofu.

SWALI: Hollar alitajirika kwa kazi yake?

JIBU: Hapana, na hilo huniuma. Alitengeneza mabamba yapatayo 2,700, akapewa cheo cha mchoraji wa mandhari wa mfalme, hata mwaka 1669 akapelekwa Tangier, Afrika Kaskazini, kuchora ngome za Waingereza. Inasimuliwa kuwa wauza vitabu walimlipa peni nne kwa saa, naye alikuwa na saa ya mchanga mezani ambayo aliilaza kila aliposimama kazi, asije akamdai mtu muda asioufanyia kazi. Alifariki London mwaka 1677 akiwa na madeni, na wadai walikuwa wamekuja kuchukua kitanda chake.

SWALI: Marehemu babu aliacha picha ya zamani ya mji wa Ulaya, karatasi imegeuka rangi ya chai. Nitajuaje kama ni chapa halisi?

JIBU: Pole kwa msiba. Chukua kioo cha kukuzia, tazama sehemu yenye kivuli. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa sawasawa, hiyo ni nakala ya kiwandani iliyotokana na fotografia. Chapa ya bamba ina mistari mitupu, na wino wake ukiupitisha kidole taratibu pembeni unahisi umeinuka kidogo. Kisha tafuta alama ya bamba: bonde jembamba linaloizunguka picha, pale shaba ilipoigandamiza karatasi yenye unyevu chini ya rola. Ikiwa babu aliikata kingo ili iingie kwenye fremu, alama hiyo inaweza kuwa imepotea, usikate tamaa. Iinue karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi ya Ulaya ya kabla ya katikati ya karne ya 18 huonyesha mistari ya waya za chekeche lililotumika kuitengeneza, mingi imesongamana na michache imeachana.

Tazama pia pembe za chini. Jina lenye "del." ni la aliyechora, lenye "sculp." ni la aliyechonga bamba, na lenye "exc." ni la mchapishaji. Yakiwa majina matatu tofauti, ujue mchongaji huenda hakuuona mji.

Nakuomba tu usiipelekee watu wa kupiga leminesheni, wala usiigandishe kwa selotepu au kuifuta kwa kitambaa kilicholowa. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ikiwa imelazwa, mbali na jua na unyevu, kisha unitumie picha ya pembe zile za chini kupitia ofisi ya gazeti nikusaidie kuyasoma majina.