Filamu za mapenzi ya mji mdogo: jibu langu kutoka Bukavu

Ndugu uliyeuliza, swali lako nalielewa. Mtu mzima anawezaje kukaa saa moja na nusu akitazama filamu ambayo kufika dakika ya kumi ameshajua nani ataolewa na nani? Mimi nilikuwa naziita filamu za uji. Sasa nimetazama tatu, moja nimeirudia, na lawama yote ni ya mama yangu.

Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wetu Februari 2025, mlango tunaufunga mapema. Usiku unakuwa mrefu, na filamu za risasi nilizozipenda mama alizipiga marufuku: "Za nje zinatosha." Basi nikaenda sekretariati moja ya Nyawera, wanapopiga fotokopi na kukujazia fulashi, nikamwomba kijana anipe kitu ambacho hafi mtu. Alinitazama kama naumwa.

Hadithi unaijua hata nisipokusimulia. Msichana aliyefanikiwa jijini anarudi kwao kuuza duka la mikate la marehemu bibi yake. Anamkuta seremala aliyefiwa na mke, mwenye binti mdogo wa maneno mengi. Theluji inaanguka, wanagombana kidogo, wanapamba mti wa Krismasi, basi. (Theluji yenyewe mara nyingi ni ya kutengeneza. Nyingi ya filamu hizi hupigwa Kanada, upande wa British Columbia, na wakati mwingine ni katikati ya kiangazi. Ukishajua hilo unamwonea huruma seremala na koti lake.) Hallmark, wanaojulikana zaidi kwa filamu za aina hii, walianza mwaka 1910 kwa kuuza kadi, na kwa kweli filamu zao ni kadi: picha nzuri mbele, maneno machache ndani.

Nilidhani mama atasinzia. Filamu ilikuwa imetiwa sauti za Kifaransa, ambacho yeye anakisikia nusu, kwa hiyo nikawa mkalimani. Seremala aliposimama barazani kumwambia msichana yaliyo moyoni, aliongea karibu dakika nzima. Nikatafsiri: "Anasema anampenda." Mama akanigeukia: "Papa," (ndivyo anavyoniita) "mtu ametoa jasho vile, wewe unaniletea maneno mawili? Rudisha nyuma." Nikarudisha. Sasa jaribu wewe kumwambia mama yako mzazi, kwa Kiswahili, bila kuruka hata neno, kwamba kabla hujaja sikujua kuwa nyumba yangu ina baridi. Nilitazama ukuta. Dada yangu mdogo aliyekuwa anachambua maharagwe ya kesho aliacha kazi, akacheka mpaka machozi.

Halafu maswali. Nani anabaki dukani wakati huyu anatembeatembea? Mikate kumi, wateja wawili, kodi inalipwa na nini? Hapo nilikubaliana naye. Mama anayeuza maandazi kwenye avenyu yetu anaamka saa tisa usiku, na yule msichana unga wote aliowahi kuugusa ulikuwa puani. Ila kilichomsumbua mama zaidi ni familia. Wajomba wako wapi? Ng'ombe anazungumzwa lini? Kwetu sisi watu wa kabila la Bashi, posa bila ng'ombe ni maongezi tu, hata siku hizi anapogeuzwa dola. Tena si mila peke yake: Kanuni ya Familia ya Kongo, ya 1987, inataka mahari iwe imetolewa, angalau sehemu, ndipo ndoa ifungwe. Kule seremala amesema yake barazani, majirani wanaopita wanapiga makofi. Mama: "Wanapiga makofi, hata baba yake wanamjua?"

Nadhani ndicho kinachomshika mtu. Kwa vile mwisho unaujua, huna haraka ya kufika. Unapata nafasi ya kumwangalia mzee wa posta anayejua barua za watu wote, na bibi wa duka la maua anayejifanya hasikii. Mama aliwabatiza wote kwa majina ya watu wa avenyu yetu, na yule wa maua alipewa la jirani ambaye hapa simtaji. Ule mji ambao balaa lake kubwa ni duka kuuzwa, mama aliukagua kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga: maji wanateka wapi?

Kwa hiyo usiitazame peke yako. Ya pili niliijaribu peke yangu, nikalala kabla ya nusu saa. Tafuta mama, shangazi, yaya wako (ndugu yako mkubwa), mtu asiyeweza kunyamaza. Karanga za kukaanga zinasaidia.

Na umeme ukikatika katikati, hujapoteza kitu. Ile ya kwanza ulikatika wakiwa wamesimama chini ya mti wenye taa, nyuso zimekaribiana kabisa. Tukabaki gizani. Dada akasema wameshabusiana. Mama akasema haiwezekani, lazima kwanza atume watu. Walibishana mpaka mshumaa ukafika nusu. Umeme ulirudi alfajiri, nikaimalizia peke yangu na chai: walibusiana. Mama alipoamka akauliza iliishaje. Nikamwambia wajomba wamefika, wamepewa viti, wanangoja ng'ombe. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kutia makaa kwenye mbabula.