Maswali Yenu: Mshahara wa Denmark

SWALI: Nimepewa kazi ya hoteli Denmark. Mbona mkataba hautaji kima cha chini cha mshahara?

JIBU: Kwa sababu hakuna kilichowekwa na sheria. Sweden, Finland, Austria na Italia ni vivyo hivyo. Viwango hutokana na mikataba ya pamoja kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, muulize mwajiri: amejiunga na mkataba upi? Kama hana, mshahara ni makubaliano yenu wawili tu, na hapo ndipo wageni huumia. Pigia chama cha wafanyakazi wa hoteli wakutajie kiwango. Ukilinganisha na Ujerumani (euro 12.82 kwa saa mwaka 2025), kumbuka hiyo ni kabla ya makato.