Picha za zamani haziondoki kwenye kasri langu la kumbukumbu

Swali

Mwalimu, shikamoo. Nina mwezi sasa nafanya mazoezi ya kasri la kumbukumbu, yaani kuweka akilini picha ya kila ninachotaka kukumbuka kwenye vituo vya mahali ninapopajua vizuri. Natumia nyumba ninayoishi, nimechagua vituo 20, vikiwemo viti vinne vya mezani na madirisha mawili ya sebuleni. Orodha ya kwanza, maneno 20 ya lugha ninayojifunza, ilikaa kichwani vizuri kuliko nilivyotegemea. Wiki iliyofuata nikaweka elementi 10 za mwanzo za kemia humo humo, mambo yakaharibika. Nikifika kwenye kochi linanijia neno la wiki iliyopita. Makaa ya kaboni nayaona kwenye kiti, lakini sina hakika ni kiti cha pili au cha tatu. Baada ya siku tatu sina orodha ya kwanza wala ya pili. Nakosea wapi? Na je, ni kweli mbinu hii inaimarisha ubongo, au nitabaki hodari wa kukariri orodha tu?

Jibu

Marahaba. Kichwa chako hakina tatizo. Umempangisha mtu chumba ambacho mpangaji wa zamani hajahama.

Kochi lako sasa limefungiwa vitu viwili. Ukiuliza "kwenye kochi kuna nini?", kinachojitokeza ni kile kilichokaa kwa nguvu zaidi, hata kama leo hukihitaji. Washindani wa mashindano ya dunia ya kumbukumbu, yaliyoanza London mwaka 1991, hawategemei kasri moja. Wana mengi, na lililotumika jana hulazwa kama shamba mpaka picha zake zififie. Nawe gawa yako mafungu mawili. Kasri la kitu unachotaka kidumu, kama elementi zako, usiweke humo kitu kingine kamwe. Kwa orodha za mazoezi au hoja za kuzungumza kesho, tenga makasri matatu au manne ya kuzungusha. (Nasema kasri kwa sababu kila nikisema jumba la kumbukumbu kuna mtu anayedhani naongelea makumbusho.)

Sasa hivyo viti vinne. Kuna kitabu cha Kilatini cha karne ya 1 K.K., Rhetorica ad Herennium, ambacho mwandishi wake hajulikani, na kosa hili kimelitaja waziwazi: usichague mahali panapofanana, kama nafasi kati ya nguzo za safu moja, maana zitakuchanganya. Kinashauri pia vituo visiwe gizani wala kwenye mwanga mkali, viachane kama futi 30, na kila cha tano kiwekewe alama, mfano mkono wa dhahabu. La futi 30 mimi silifuati. Nina makasri ya chumba kimoja na hayajaniangusha. Ila alama ya kila cha tano siiachi. Ukiruka kituo kimoja bila kujijua, alama itakushitua kabla hujafika mbali.

Kwa hiyo meza na viti vyake vinne ni kituo kimoja. Madirisha mawili, chagua moja, au lile la pili livunje kioo akilini na ulikute limevunjika kila unapopita.

Halafu makaa. Umeniambia unayaona kwenye kiti, hukuniambia yanafanya nini. Nadhani hayafanyi kitu, na ndiyo maana yanahamahama. Hebu tupite pamoja vituo sita vya mwanzo vya nyumba kama yako. Mlangoni, haidrojeni: puto kubwa linapiga hodi, "hodi-rojeni, hodi-rojeni", na ukifungua linalipuka usoni na mlango unang'oka bawaba. Kwenye rafu ya viatu, heli: helikopta ndogo inatua, viatu vyote vinapeperuka. Kwenye kochi, lithi: ndugu watatu wanagombea urithi, kila mmoja analivutia kwake mpaka kitambaa kinachanika. Juu ya televisheni, berili: birika linachemka na kumwagikia skrini. Darini, boroni: boriti inapasuka, unasikia mlio kabla vumbi halijakuangukia kichwani. Mezani, kaboni: makaa mekundu yanatoboa mbao, yanadondoka sakafuni, na pua yako inaungua kwa moshi.

Angalia kinachofanyika hapo. Sauti ya jina, yaani hodi, urithi, birika, boriti, inakurudisha kwenye neno. Lakini kinachoigandisha picha mahali pake ni kwamba inakiharibu kituo chenyewe. Makaa yaliyotulia juu ya kiti yanaweza kuhamia kiti chochote. Makaa yaliyotoboa meza hayana pengine pa kwenda. Wanaoanza wengi hujitahidi picha iwe nzuri na safi, kama ya kalenda, kisha wanashangaa haikai. Na kama wewe ni katika wale wasioona picha kabisa wakifumba macho, usikate tamaa: shika mlio, joto na mahali ulipo ndani ya chumba.

Jambo moja la kuangalia: "urithi" utakuletea lithi ikiwa neno lithi unalijua tayari. Kasri hutunza mpangilio, halifundishi maana. Usilolielewa lielewe kwanza.

Kuhusu siku tatu zilizofuta kila kitu, hukutaja ulirudi kasrini mara ngapi, nami nabahatisha kwamba hukurudi. Rudi saa moja baada ya kuweka picha, kesho yake, siku ya 3, siku ya 7, kisha baada ya mwezi. Karatasi iwe mbali. Ukikwama kwenye kituo, simama hapo kidogo uhangaike nacho, maana kule kuhangaika ndiko kunakojenga. Ukishindwa kabisa, tazama jibu, na palepale ubadilishe picha, kwa sababu iliyokuangusha leo itakuangusha tena. Siku moja moja pita kinyumenyume, kutoka kituo cha mwisho hadi mlangoni. Utagundua haraka ni vituo vipi ulivyokuwa unavipita kwa mazoea tu.

Sasa swali la ubongo. Hapa watu huuziwa maneno mengi.

Mbinu hii inaazima uwezo ambao ubongo unao tayari, wa kujua mahali. Mwaka 1971 mtafiti John O'Keefe alieleza seli za hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, zinazowaka mnyama akiwa mahali fulani. Mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser na wenzao wakaeleza seli nyingine, jirani na hapo, zinazopima nafasi kama gridi. Watatu hao walipata Nobel mwaka 2014. Huhitaji kukariri kwamba sebule inafuata baada ya mlango, unalijua tu. Kasri linapachika kigumu kwenye hicho rahisi.

Je, mazoezi yanabadilisha kitu ubongoni? Ndiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu wa kawaida walifanya mazoezi ya mbinu hii nusu saa kwa siku kwa wiki sita. Walianza wakikumbuka chini ya maneno 30 kati ya 72, wakamaliza wakikumbuka zaidi ya 60. Mawasiliano kati ya sehemu za ubongo wao yalianza kufanana na ya mabingwa wa kumbukumbu, na miezi minne baadaye bado walikuwa mbele sana ya walipoanzia. Ila uweke kando ya utafiti wa mwaka 2003 uliowachunguza watu 10 wenye kumbukumbu ya ajabu: akili yao haikupimwa kuwa kubwa kuliko ya wengine, wala umbo la ubongo wao halikuwa tofauti. Tisa kati yao walitumia mbinu hii hii ya vituo.

Mfano ninaoupenda zaidi haukutumia kasri hata kidogo. Ni mwanafunzi mmoja wa Marekani, aliyeelezwa kwenye ripoti ya mwaka 1980. Alianza akishika tarakimu 7 alizosomewa mara moja. Baada ya mazoezi ya miezi 20 hivi akafika karibu 80, kwa kuzigeuza kuwa muda wa mbio, maana alikuwa mkimbiaji. Watafiti wakambadilishia, wakampa herufi badala ya tarakimu. Akarudi kwenye 6 hivi.

Ndiyo maana sipendi ule mfano wa "ubongo ni msuli". Msuli ulioujenga kwa kunyanyua chuma utabeba na gunia. Kasri halitakukumbusha ulipoacha funguo, wala jina la mtu uliyesalimiana naye asubuhi, mpaka siku hiyo uamue kulitumia kwa funguo na kwa majina. Utakachopata ni ufundi, nao ni ufundi mkubwa: mpangilio wa sura nzima ya kitabu, hotuba bila karatasi, msamiati.

Kwa wiki hii, nyumba yako ilaze. Chukua njia unayopita kila siku kutoka nyumbani hadi unakosomea, hesabu vituo 10 visivyofanana, weka elementi zako humo na usizichanganye na kitu. Maneno ya lugha yarudishe nyumbani baada ya wiki mbili, ukianzia kwenye kochi, na uone kama bado kuna mtu amelikalia.