Uzi unaong'aa, kisutu kinachochuja na shuka za mianzi: majibu ya maswali yenu

Safari hii maswali ni mengi na karibu yote yanarudi palepale, pamba inafanywa nini kule kiwandani kabla haijafika dukani. Nimekaa miaka kadhaa idara ya kutia rangi na kumalizia vitambaa, kwa hiyo haya mambo nayajua kwa mikono. Tuanze.

Nashona kofia za kiua hapa Unguja. Kuna uzi wa pamba wa kawaida na kuna ule unaong'aa, bei yake juu. Muuzaji anasema yote ni pamba. Ni kweli au nabambikiwa? (Mshona kofia)

Ni kweli dada yangu, inaweza kabisa kuwa pamba tupu. Tofauti ni kwamba ule unaong'aa umepitishwa kwenye kostiki soda kali huku umevutwa. Kazi hiyo kiwandani tunaita kumeseraizi, na jina limetoka kwa mtu, John Mercer wa Lancashire kule Uingereza, kazi yake ilikuwa kuchapa vitambaa. Mwaka 1844 alikuwa anachuja kostiki akitumia kitambaa cha pamba kama chujio, akaona kile kitambaa kimekuwa kinene, kimerudi, mwanga unapenya, na baadaye akikitia rangi kinakunywa kuliko kile ambacho hakijaguswa. 1850 akachukua hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Lakini kostiki enzi hizo ilikuwa ghali na kitambaa kilirudi mno, karibu robo ya urefu inapotea, sasa mwenye kiwanda gani atakubali kupoteza robo ya mali yake? Ikalala miaka na miaka.

Na huo mng'aro unaoupenda wewe Mercer hakuupata. Aliyeupata ni Horace Lowe, Mwingereza mwenzake, kwenye 1890 hivi. Yeye alikivuta kitambaa kisirudi kikiwa ndani ya kostiki, akakisuuza kikiwa bado kimevutwa, ndo kikatoka kinang'aa kama hariri.

Kwa nini king'ae? Unyuzi wa pamba ukiwa kwenye tumba bichi una maji ndani na ni wa duara, tumba likipasuka unakauka, unalala bapa na kujisokota, kama mpira wa kumwagilia bustani uliotolewa maji. Mwanga ukiupiga unatawanyika huku na huku ndo maana pamba ya kawaida imefifia. Kostiki ikiwa kali, asilimia 20 na zaidi kidogo, inaingia mpaka ndani kabisa ya selulosi, yaani kitu chenyewe kinachojenga pamba, inaisukuma ile minyororo yake ya molekuli iachane, unyuzi unavimba unarudi duara, na kwa sababu umevutwa unanyooka. Ukisuuzwa ile minyororo inajipanga upya, kwa mpangilio mwingine, na hairudi ilivyokuwa hata ukifua miaka kumi. Uzi unakuwa na nguvu zaidi na rangi inakolea.

Jihadhari na kitu kimoja tu, kuna uzi unaong'arishwa kwa nta au kwa kubanwa, na kuna poliesta inauzwa kwa jina la pamba. Chukua kipande, kifue na maji ya moto na sabuni mara mbili tatu, kama mng'aro umekwisha basi ilikuwa nta. Kingine kichome na kiberiti: pamba inanuka kama karatasi inayoungua na jivu lake ni laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kofia ya kiua inachukua muda mrefu mno kushonwa, usiiweke kwenye uzi usiouamini.

Tumenunua visutu doti kumi kwa ajili ya harusi, vingine vimechuja vikaharibu kanga nyeupe. Tunaambiwa tuloweke na chumvi na siki vishike. Inasaidia? (Shangazi wa bi harusi, Tanga)

Shikamoo shangazi. Pole kwa hizo kanga.

Chumvi na siki havitasaidia, ila najua imani hiyo imetoka wapi na ina mzizi wa kweli. Kwenye beseni la kutia rangi, chumvi tunatia kweli na tunatia nyingi, gramu 50 na kuendelea kwa lita moja. Pamba ikiwa majini inakuwa na chaji hasi kidogo, na rangi nyingi za pamba nazo ni hasi, kwa hiyo vinasukumana. Chumvi inapoza ule ugomvi rangi isogee ikae kwenye uzi. Kusogea tu lakini, chumvi haifungi kitu. Siki nayo ina kazi yake kwenye rangi za sufu na hariri, pamba haihusiki.

Kwenye pamba kinachofunga, kwa rangi zile zinazoitwa riaktivu, ni magadi. Hizi waligundua Rattee na Stephen wa kampuni ya ICI mwaka 1954, zikaanza kuuzwa 1956, na zilikuwa jambo kubwa kwa sababu ndo mara ya kwanza rangi inashikana na selulosi yenyewe kikemia, inakuwa sehemu ya unyuzi. Zamani rangi ilikaa tu mle ndani kama mgeni. Lakini si rangi yote inayofanikiwa kushika, kuna sehemu inaishia kuungana na maji badala ya pamba, inabaki imening'inia tu. Hiyo lazima ioshwe kiwandani kwa maji ya moto sana na sabuni, mara nyingi, na hapo ndo pana uchungu wangu, maana maji ya moto ni kuni, ni umeme, ni pesa, na mahali pa kwanza pa kubana matumizi ni hapo. Kile ambacho kiwanda hakikuosha unakuja kukiosha wewe nyumbani juu ya kanga nyeupe za watu. Rangi za aina nyingine zinazotumika kwenye kanga nazo zina ziada ya juujuu, nazo zinataka kuoshwa vilevile.

Kwa hiyo fanya hivi: kila kisutu peke yake, kwanza maji ya baridi tu utoe dondo, ule wanga wa kukaza kitambaa, halafu maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, rudia mpaka maji yawe meupe. Usiache vimelowa vimerundikana, vikirundikana ndo vinaambukizana. Anika kivulini. Zile nyeupe zilizoharibika, kama bado hazijapigwa pasi, zifue tena na maji ya moto na sabuni leo hii, doa likikaa wiki ni kazi nyingine.

Na dondo hilohilo likupe taarifa. Kanga ikiwa ngumu kama kadibodi dukani, isugue kati ya viganja, ukiona unga unatoka ujue umeuziwa wanga mwingi kwa kitambaa chepesi. Iinue juu kwenye mwanga uone nafasi kati ya nyuzi.

Tunatengeneza batiki Mwanza. Marikani ile ya rangi ya maziwa inatoka mabakamabaka, poplini nyeupe inakolea vizuri ila bei. Mwenzetu anasema tuloweke marikani kwenye kostiki kali iwe kama imemeseraiziwa. Tufanye? (Kikundi cha kinamama)

Hapana, msifanye, naomba sana.

Kwanza tatizo lenu sio hilo. Marikani imetoka kwenye mashine ya kufuma moja kwa moja, haijaoshwa. Pamba ina nta yake ya asili, na juu ya hiyo nyuzi za mtande, zile za kwenda urefu, zimepakwa dondo zisikatike wakati wa kufuma. Maji yenyewe hayapiti, rangi itapitaje? Kiwandani dondo tunalitoa kwa kimeng'enya kinachokula wanga, tunachemsha kitambaa na kostiki hafifu ya asilimia chache tu ili nta itoke, tunakifanya cheupe kwa haidrojeni peroksaidi, na kumeseraizi kunakuja huko mbele. Nyinyi mnaruka darasa la kwanza mnaenda la saba.

Lowekeni marikani usiku kucha, suuzeni, kisha mchemshe na magadi na sabuni kama saa moja na nusu hivi, kwenye sufuria la chuma cha pua, la aluminiamu hapana maana magadi yanalila. Maji yatatoka ya kahawia kama chai. Suuzeni sana. Mkishakausha dondosheni tone la maji juu, likizama papo hapo kitambaa kiko tayari, likikaa juu kama umande kwenye jani la yungiyungi chemsheni tena. Jaribio hilo na sisi kiwandani tulilitumia kila siku.

Sasa kuhusu kostiki kali. Najua mnaitumia kidogo pamoja na haidrosalfaiti kuyeyusha rangi, lakini ya kumeseraizi ni zaidi ya gramu 200 kwa lita, hicho ni kitu kingine kabisa. Inaunguza ngozi na mwanzo huisikii, unahisi utelezi tu, huo utelezi ni ngozi yako inageuka sabuni. Jichoni inapofua. Na bila fremu ya kuvutia kitambaa kitarudi na hakitang'aa, mtakuwa mmejihatarisha bure. Hata ile kidogo mnayotumia: miwani na glavu, kostiki ndo inatiwa kwenye maji kidogokidogo, kamwe msimwage maji juu ya kostiki inalipuka kwa joto. Ikimrukia mtu jichoni mwosheni na maji mengi yanayotiririka dakika 20 bila kuacha, halafu hospitali. Nimeona mwenzangu kazini akiokolewa jicho kwa sababu bomba lilikuwa hatua tatu kutoka aliposimama, tangu siku hiyo sikubali kufungua kostiki mahali ambapo sioni maji.

Nimeuziwa shuka za mianzi hapa Nairobi, zinateleza vizuri, lebo inasema asilia, hazina kemikali. Ni kweli? (Msomaji)

Mwanzi ulianza nao ni wa kweli, lakini hilo la "hazina kemikali" si kweli. Fikiria mwenyewe, mwanzi ni mgumu kama mti, shuka lako linateleza kama hariri, katikati hapo pamepita nini? Kimepita visikosi. Ni njia ambayo Cross, Bevan na Beadle waliipatia hataza Uingereza mwaka 1892 na mpaka leo ndo hiyohiyo: rojo la mbao au mianzi linalowekwa kwenye kostiki, linakamuliwa, linasagwa, linaachwa likomae, kisha linatiwa kaboni disalfaidi na kuyeyushwa kwenye kostiki hafifu mpaka linakuwa zito kama asali, halafu linasukumwa kwenye vitundu vidogo sana ndani ya asidi ya salfuriki, pale linaganda kuwa nyuzi. Kilichobaki mwishoni ni selulosi safi, haina kitu cha kukudhuru ukilalia, na hakuna anayeweza kuiangalia akasema huu ulikuwa mwanzi na huu msonobari.

Anayedhurika ni yule wa kiwandani. Kaboni disalfaidi inachemka kwenye nyuzijoto 46 tu, inapaa kama mvuke, na mfanyakazi anayeivuta kila siku inamharibu neva, akili na moyo. Haya yanajulikana zaidi ya miaka mia. Ndo maana naumia nikiona neno asilia kwenye lebo, linamfuta huyo mtu. Marekani tume yao ya biashara, FTC, imekuwa ikishtaki wauzaji kwa jambo hili tangu 2009, na 2022 Walmart na Kohl's walikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 kwa kuuza reyoni, yaani hiyohiyo visikosi, wakiiita mianzi.

Ukitaka kitu cha familia hiyo kilicho na nafuu tafuta lebo ya layoseli, hiyo inayeyushwa kwa kiyeyusho kingine na kiwanda kinakirudisha na kukitumia tena zaidi ya asilimia 99. Kwa sasa tunza ulizonazo. Pamba ikilowa inaongezeka nguvu, visikosi ikilowa inapoteza karibu nusu, kwa hiyo usizikamue kwa kuzisokota. Na dada zangu mnaovaa madera yale ya kuteleza, mengi ni kitu hichohicho, msiyapige kwenye jiwe.

Shati langu la kazini ni la "halihitaji pasi", jipya lina harufu ya kukereketa na shingo inaniwasha. (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu, selulosi inajikunja kwa sababu minyororo yake inateleza, hasa ikilowa jasho, ikikauka inaganda pale ilipofikia. Kiwandani wanatia rezini inayofunga mnyororo mmoja na mwingine, kitambaa kinakumbuka kunyooka. Rezini nyingi zimetengenezwa kwa fomaldehaidi na mabaki yake ndo hiyo harufu, wapo ambao ngozi yao haiivumilii kabisa. Fua shati mara mbili na maji ya uvuguvugu kabla ya kulivaa tena, muwasho ukiendelea liache na umwone daktari wa ngozi. Ujue pia minyororo iliyofungwa haiwezi kunyumbuka, kwa hiyo shati hilo litaanza kukatika kwenye kola mapema kuliko la kawaida. Nguo za watoto wachanga usinunue za namna hii. Japani walishatunga sheria ya kudhibiti hilo tangu 1973.

Jiki imegeuza shati jeupe kuwa njano. Nimekosea wapi? (Kijana, Mombasa)

Kama shati lilikuwa na rezini kama la mwalimu hapo juu, klorini inang'ang'ania kwenye rezini, ukipiga pasi linaungua na kuwa njano. Na hata pamba tupu, jiki ikizidi inakata minyororo ya selulosi, leo huoni kitu, mwezi ujao kidole kinapenya. Tumia bidhaa za kung'arisha zenye oksijeni, suuza sana. Na usije ukachanganya jiki na siki ili "ifanye kazi vizuri", hewa inayotoka pale ni klorini, inaharibu mapafu, na bafu la kufulia huwa dogo halina dirisha.