Aliyemvika Malkia

SWALI: Mhariri, katika baraza letu hapa Ngamiani, Tanga, tunabishana: mabibi wa koo kubwa waliomhudumia malkia wa Uingereza walikuwa watumishi kweli, au wageni wa heshima tu?

JIBU: Walikuwa na kazi, ingawa si ya jasho. Kwa Malkia Anne, aliyetawala kuanzia 1702 hadi 1714, mwanamke wa cheo cha chini ndiye aliyepiga magoti na kummiminia maji ya kunawa, lakini shimizi alivishwa na bibi mtukufu, na hata upepeo ulipitia mkononi mwa bibi huyo kabla ya kumfikia mwenyewe. Faida, kwa maoni yangu, haikuwa mshahara bali ukaribu, kwani aliye sikioni mwa mtawala hubembelezwa na wengi. Sarah Churchill, mke wa Duke wa Marlborough, alisimamia mavazi na mfuko wa fedha wa malkia, na urafiki wao ulikolea hata wakaandikiana barua kwa majina ya kubuni, Bi. Morley na Bi. Freeman. Ulimi mkali na ubishi wa siasa vilimponza: mwaka 1711 alivuliwa vyeo, na mfuko ule akakabidhiwa Abigail Masham, binamu yake maskini ambaye Sarah mwenyewe alikuwa amemwingiza jumbani.