Mlima wa siku moja au pori la siku nne?

Ndugu yangu, umeuliza kama kupanda Mlima Kenya kutoka lango la Sirimon hadi kambi ya Old Moses na kurudi siku hiyo hiyo ni kugumu kuliko kutembea porini siku nne na hema mgongoni. Kwa sisi wa Mombasa, tuliozoea hewa ya usawa wa bahari, mtihani wa kwanza ni kimo: kambi ile iko takriban mita 3,300, ambako kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, hupungua kwa karibu theluthi moja, hivyo hata anayekimbia kila alfajiri pale ufukweni Mama Ngina anaweza kuhema na kuumwa kichwa. Lakini ukizidiwa, unageuka, unashuka, na usiku unalala kitandani.

Porini hakuna nafuu hiyo. Maji lita 4 peke yake ni kilo 4 begani, lengelenge la siku ya kwanza unatembea nalo hadi ya nne, na msaada u mbali. Kwa maoni yangu, pori ndilo gumu zaidi. Anza na Old Moses, ila ulale Nanyuki, iliyo karibu mita 1,950, angalau usiku mmoja kabla ya kupanda.