Ukitumwa ushenga, usianze na hoja

Vijana wengi wanaotumwa kupeleka posa kwa mara ya kwanza hufikiri kazi yao ni kumsifia bwana harusi mtarajiwa. Nimefanya ushenga hapa Tanga kwa miaka kadhaa, na naamini kwa dhati kwamba ile ni shule kamili ya balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Mgiriki Aristotle alitaja njia tatu za kushawishi: ethosi, yaani imani ya wasikilizaji kwa msemaji, pathosi, hali ya mioyo yao, na logosi, hoja yenyewe. Ukweni hoja husubiri. Nyumba moja ya Ngamiani, mzee niliyeongozana naye alimuuliza babu wa binti habari za mguu wake unaouma, akamsikiliza mpaka akamaliza, ndipo akaitaja barua. Aristotle alisisitiza kwamba imani hiyo itokane na maneno unayoyasema pale pale, si jina ulilokuja nalo, na kwamba msingi wake ni busara, uadilifu na nia njema. Nia njema ile ilionekana kabla posa haijatajwa.

Kwenye hoja, jifunze enthimema: hoja inayoacha sehemu moja bila kutamkwa ili msikilizaji aijaze mwenyewe. Nikisema, "Kijana wetu ana ajira bandarini," nategemea wajomba wamalizie kwamba basi ataweza kutunza mke. Inapenya kwa sababu uamuzi wameufikia wao. Ila hakikisha wanaliamini hilo ulilolinyamazia. Mjomba mmoja alitujibu, "Kazi tumeisikia, bwana. Na tabia?" Kwake mume hupimwa kwa mwenendo, kwa hiyo mshahara haukuwa umethibitisha chochote. Tukaeleza kijana anavyomuuguza mama yake, na hapo maswali yakaanza kuwa ya maana.

Hisia zitumie kwa ukweli tu. Huruma ya kubuni ni dhuluma kwa binti, na familia itachunguza. Tanga watu wanajuana.

Halafu kuna wakati mwafaka, ambao Wagiriki waliuita kairosi. Msiba ukiwa mbichi, ahirisha. Na wakikuambia, "Tupeni nafasi tushauriane," shukuru, aga, uondoke. Usiongeze hoja mlangoni.